Msongo wa Mawazo au Malale? Majina ya Maradhi katika Miombo ya Ipole

Ipole iko kusini mwa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Sikonge, pale ambapo barabara ya Mpanda huachana na ile iendayo Rungwa hadi Mbeya. Unyamwezi ni nchi iliyozoea kupokea mambo kwa njia ya barabara. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita Tabora, wapagazi hawakubeba mizigo ya mabegani tu, bali walibeba pia maneno ya kuelezea maradhi. Kutoka pwani yalifika majini; kutoka nchi za maziwa makuu walifika Baswezi na pepo wao.

Siku hizi maneno ya namna hiyo husafiri kwa redio na simu. Mwanafunzi akinyamaza darasani, husemwa kwamba “ameathirika kisaikolojia”. Mama akikosa usingizi, ana stresi. Mzee akiwa mkali ghafla, ni msongo wa mawazo. Hii ni saikolojia ya mitaani, yaani elimu ya nafsi iliyotoka katika maabara na hospitali, ikarahisishwa na wasemaji wengi, hata kila mtu akaweza kumpima jirani yake kwa neno moja.

Asili ya neno stresi inafaa kuelezwa, maana inaonyesha jinsi urahisishaji huo unavyotokea. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alitangaza kwamba miili ya panya huitikia kwa namna inayofanana inapopatwa na baridi, majeraha au sumu. Baadaye aliliita jambo hilo kwa neno ambalo wahandisi hulitumia wanapozungumzia mkazo ndani ya chuma, na mwaka 1956 alitoa kitabu kwa wasomaji wa kawaida. Neno lililohusu mwili mzima, pamoja na tezi na tumbo lake, likageuka kuwa neno la mawazo peke yake. Tafsiri yetu ya “msongo wa mawazo” imeufunga kabisa mlango huo: mwili umeachwa nje.

Haifai kuyabeza maneno haya. Mtu wa Tabora aliyekuwa akiitwa mwendawazimu na kufichwa ndani, leo huenda akaitwa mgonjwa wa sonona na kupelekwa kwa daktari. Hiyo ni faida kubwa. Ubaya huanza pale jina linapotolewa kabla ya uchunguzi, na katika miombo ya Ipole ubaya huo unaweza kuua.

Sababu yake ni mbung'o. Misitu hii ni makao ya nzi huyo, naye anaweza kueneza tripanosoma, vimelea vya malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa upande huu kutoka makazi yao yaliyotawanyika msituni, ikawakusanya pamoja ili kuwaepusha na ugonjwa huo. Malale ya Afrika Mashariki huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, na mara nyingine uvimbe mahali nzi alipouma. Baada ya majuma au miezi michache vimelea huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huwa mkali au mzito wa kusema, huchanganyikiwa, na pengine husikia sauti zisizokuwapo. Asipotibiwa hufa, mara nyingi kabla ya miezi sita kwisha.

Msomaji atazame tena dalili hizo. Karibu kila moja ina jina lake tayari katika saikolojia ya mitaani, kama ilivyokuwa na jina lake katika lugha ya majini.

Wagonjwa wa malale wanaoandikishwa nchini sasa ni wachache sana, nayo ni habari njema. Lakini ugonjwa ulio haba husahaulika upesi, hata na waganga wa zahanati. Na muda una thamani. Tangu mwaka 1949 mgonjwa ambaye ubongo wake umekwisha kuingiliwa alitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua takriban mtu mmoja katika kila ishirini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazo kwa malale ya aina hii pia. Hata hivyo, hakuna kidonge kimfaacho mtu anayeambiwa apumzishe mawazo.

Mfano wa utaratibu mwema unapatikana Kashasha, si mbali na Bukoba. Januari 1962 wasichana wa shule ya huko walishikwa na vicheko na vilio visivyozuilika. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na Machi shule ikafungwa. Masimulizi ya mitaani ulimwenguni yamedai kuwa watu walicheka miezi mfululizo, jambo lisilowezekana. Vicheko vilikuja na kukoma, vikichanganyika na hofu. Lakini madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walitanguliza vipimo, vya damu na vya maji ya uti wa mgongo pia. Walipokosa sumu na vimelea ndipo waliposema kwamba ulikuwa mtikisiko wa nafsi ulioambukizana. Neno la saikolojia lilikuja mwisho, likiwa na uzito.

Kwa mwalimu wa Ipole, basi, mwanafunzi aliyebadilika tabia aulizwe kwanza alikuwa wapi wakati wa likizo. Kama alifuatana na warina asali au wawindaji, na kama amepata homa tangu siku hizo, apelekwe hospitalini, na aendaye naye ataje msitu na mbung'o waziwazi, ili damu yake itazamwe kwa darubini. Kuzungumza naye juu ya huzuni zake kunaweza kuanza njiani, wala hakuhitaji kungoja majibu.