Kupima kumbukumbu ya mzee: maswali gani yanafaa?

Mzee akianza kuuliza jambo lile lile mara tano asubuhi moja, au akipotea njia ya kwenda sokoni aliyoipita miaka yote, nyumbani watu husema ni uzee tu. Huenda sivyo. Demensia ni ugonjwa wa ubongo, na hatua ya kwanza ya kuushuku ni kipimo kifupi cha maswali, kisichohitaji damu wala mashine.

Shida ni maswali yenyewe. Kipimo kilichoenea sana duniani kilichapishwa Marekani mwaka wa 1975, nacho kina alama 30. Mtu huulizwa tarehe, hutoa 7 kutoka 100 na kuendelea hivyo, huandika sentensi, kisha hunakili mchoro wa pembetano mbili zilizoingiliana. Mpe dani aliyeuza omena Dunga maisha yake yote bila kushika kalamu. Kwenye pesa hakosei hata shilingi, lakini hapa atapoteza alama na kuonekana mgonjwa. Mwalimu mstaafu naye anaweza kupita vizuri ilhali ugonjwa umeshaanza. Hata swali la msimu lilitungwa kwa watu wenye misimu minne. Sisi tuna chwiri na opon.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, jirani zetu Watanzania walishiriki kutengeneza kipimo kingine, kiitwacho IDEA. Kina sehemu sita na alama 15, na hakidai kusoma wala kuandika. Mzee hueleza daraja ni nini, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa awali, na hupanga vijiti vya kiberiti kwa kuiga mpangilio alioonyeshwa.

Kukileta kipimo kama hicho kwa Dholuo si kutafsiri tu. Neno ambalo wazee wa Nyakach hawalitumii litapima msamiati, si kumbukumbu. Kwa hiyo kipimo kilichotafsiriwa hujaribiwa upya, kwa wazee wazima na kwa wagonjwa, ndipo iamuliwe ni alama ngapi zitie wasiwasi.

Alama za chini si jina la ugonjwa. Masikio mazito, mtoto wa jicho, huzuni kubwa, maambukizi au dawa fulani huweza kuzishusha, na mengi ya hayo yana tiba. Kulifahamu hili ni muhimu, maana tabia ya mzee isiyoeleweka huzaa maneno mabaya kijijini. Oktoba 2021, kule Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi.

Ukimpeleka mzee kwenye kituo cha afya, beba miwani yake na dawa zote anazotumia. Aandamane na mtu anayeishi naye, kwa kuwa mhudumu atataka kujua nini kimebadilika na tangu lini: kupika, kushika pesa, kutambua watu. Omba aulizwe kwa lugha anayoiota usiku, mahali palipo kimya. Na tafadhali, usimnong'oneze majibu.