Kuvua kwa Ndoana katika Ziwa Victoria

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake hukaribia kilometa za mraba 69,000. Lakini maji yake si ya kina sana, maana hata mahali penye kilindi kikubwa ni kiasi cha meta 80 tu. Mji wa Bukoba umejengwa ukingoni mwake upande wa magharibi, na mtoto wa Miembeni apatapo nafasi baada ya masomo aweza kwenda ufukoni kwa miguu, amechukua ufito, mshipi, na kopo la nyungunyungu. Huyu si mvuvi wa kazi. Wavuvi wa kazi hutoka na mitumbwi na nyavu ili wapate riziki. Yeye huvua kwa kujifurahisha, na akipata samaki wawili wa kitoweo, hiyo ni faida juu ya furaha yake.

Vyombo vyake ni vichache. Mwishoni mwa mshipi hufungwa ndoana. Juu yake kidogo chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuizamisha. Na juu zaidi chelezo, ambacho ni kipande cha bua kieleacho majini. Chelezo kikitikisika, samaki anaonja, kikizama, ameshika. Avutaye mapema humnyang'anya samaki chambo tu. Kila samaki ana desturi yake. Sato hupenda maji ya kando, penye matete, naye huja kwa nyungunyungu au donge la ugali. Kambare hutafutwa usiku. Kamongo, apumuaye kwa mapafu, hana budi kupanda juu mara kwa mara. Naye asishikwe kinywani kwa mkono mtupu, kwa kuwa meno yake ni makali mno.

Ama sangara, huyu ni mgeni. Kwao ni mto Naili, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Aweza kufika urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200, naye hula samaki wenziwe. Zamani ziwa lilijaa samaki wadogo waitwao furu, aina zaidi ya 500, na wengi wao hawakupatikana mahali pengine po pote duniani. Baadhi ya wakubwa wa serikali ya Kiingereza waliona kwamba furu hawana faida; afadhali aletwe samaki mkubwa awale, apate kuvuliwa kwa biashara na kwa mchezo. Wengine walikataa. Mtaalamu Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameonya kwamba jambo hilo lina hatari, lisifanywe bila uchunguzi. Hata hivyo sangara walitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa muda hawakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 wakaongezeka ghafula, na aina nyingi za furu zikatoweka kabisa. Sangara akaleta fedha, viwanda vya minofu, na kazi kwa maelfu ya watu. Wala hakuna awezaye kuwaambia hao kwamba hawakupata kitu. Lakini furu waliotoweka hawarudi.

Siku hizi wapendao kumvua sangara kwa mchezo huenda Rubondo, kisiwa cha kusini magharibi kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi wa nyavu hawaruhusiwi humo, na samaki huzaliana kwa salama. Mgeni hulipa ada, hupanda boti, na kuburuta nyuma yake samaki wa bandia mwenye ndoana. Sangara akishika, huruka juu ya maji na kutikisa kichwa. Mwenye mshipi humlegezea, humvuta, humlegezea tena, hata samaki achoke. Wengi humpima na kumrudisha majini. Lakini aliyetolewa kilindini haponi kwa urahisi: apandapo upesi kibofu chake cha hewa huvimba, naye hawezi kuzama tena. Huelea ubavu, na furukombe yu juu ya mti, anamtazama.