Keki ya Gari, Mpira au Nyumba: Vifaa Utavipata Wapi Kati ya Thika na Ruiru

Keki ya duara yenye krimu nyeupe na jina la mtoto haimshangazi mtu tena. Mtoto wa leo anataka keki ya matatu yenye magurudumu, taa na namba ya njia, au keki ya uwanja wa mpira, au ya nyumba yenye paa jekundu. Mzazi wa Ruiru au Thika anayetaka kujaribu nyumbani hudhani ni lazima apande gari hadi Nairobi, arudi na mifuko minne na deni. Kwa vitu vichache, safari hiyo ina maana. Kwa vingi haina.

Kabla ya kwenda dukani, gawa orodha yako mafungu mawili: vitakavyoliwa na visivyoliwa. Visivyoliwa, yaani tini, mbao, vihimili na vyombo vya kupambia, unaweza kuazima, kubuni au kumwagiza fundi. Vitakavyoliwa ndivyo vya kulipia bei kamili na kuulizia maswali hadi muuzaji achoke. Wengi wetu hufanya kinyume: tunanunua tini ya umbo la gari tutakayoitumia mara moja, kisha tunabana senti kwenye rangi.

Keki nyingi za maumbo hazihitaji tini ya umbo hilo. Matatu ni keki mbili za mstatili, moja juu ya nyingine, na kisu chenye meno. Mpira ni bakuli mbili za stili zinazoingia kwenye oveni. Gauni la mwanasesere ni bakuli moja refu lililofudikizwa. Hata sufuria zetu za alumini zisizo na mikono zinaoka vizuri, kwa kuwa kuta zake zimesimama wima. Ipime kwa rula ndani, ukingo hadi ukingo. Ya inchi 8 kwa kawaida hutoa keki ambayo waokaji wa hapa huiita ya kilo moja, na ya inchi 10 hukaribia kilo mbili.

Ukitaka umbo ambalo bakuli haliwezi kutoa, tuseme herufi au tarakimu, nenda kwa mafundi wa jua kali. Thika haikosi watu wanaokunja bati siku nzima kutengeneza majiko, masanduku na vyombo vya kulishia kuku. Tini ya namba 5 si kazi ngumu kwao. Ichore kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, uandike kimo, na ukubaliane naye mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, malighafi iwe alumini au stili isiyoshika kutu. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, na hayafai kupikia. Pili, kingo zikunjwe na kubanwa, zisiunganishwe kwa lehemu, kwa sababu lehemu ya karakana huweza kuwa na risasi. Fundi akisema haiwezekani bila lehemu, mshukuru na uende kwa jirani yake. Kamukunji jijini Nairobi kuna mafundi wa namna hiyo hiyo, lakini ukiwa na wako hapa mtaani utamrudia tini ikipinda.

Vyombo vya ng'ambo vilivyotumika, vinavyotandazwa siku za soko, navyo vina bahati yake. Humo hutokea tini za maumbo zilizotupwa na familia ya Uingereza baada ya sherehe moja. Kagua ndani: rangi nyeusi isiyoshika ikiwa imechubuka, iache hapo hapo. Kisukumio cha chapati kinatosha kusukuma fondanti (ganda laini la sukari la kufunikia keki) ya keki ndogo. Kwa keki kubwa, mwombe seremala akuchongee cha sentimita 45, laini, bila vanishi. Meza ya kuzungushia keki naye anaweza kuitengeneza kwa vipande viwili vya mbao na beringi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, nawe uiweke karatasi juu kabla ya keki. Nozeli zinunue. Za stili zilizoungwa vizuri hudumu miaka, na mwanzoni tatu zinatosha: ya tundu dogo la kuandikia, ya nyota na ya majani.

Zamani mtu alikata pembe ya juala la dukani akakamulia krimu. Majuala hayo yalipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa mwokaji haikuwa hasara, maana hayakutengenezwa kwa chakula. Kunja pembetatu ya karatasi ya kuokea iwe mfuko wenye ncha, au nunua mifuko ya kitambaa inayofuliwa.

Kuhusu kitako, keki ya kilo tatu haikai kwenye katoni. Maseremala hubaki na vipande vya mbao za kubandika. Omba cha unene wa milimita 12, kifunge chote kwa foili safi na uweke karatasi ya kuokea pale keki itakapokaa. Ndani ya keki yenye ghorofa, vijiti vya mshikaki hubeba mzigo vizuri vikikatwa kwa kimo sawa. Vihesabu unapoviingiza na uvihesabu tena unapovitoa kabla ya kuwapa watoto. Mirija ya karatasi hulainika ndani ya saa chache, usiitegemee.

Sasa vya kuliwa. Hapa miji yetu ina neema. Maziwa ya Brookside hutoka Ruiru, na kiwanda cha Bidco kiko Thika. Mafuta yake meupe ya Kimbo ndiyo hayo hayo utakayojipaka viganjani fondanti isikushike. Sukari ya unga ya kupambia iko Naivas na kwenye maduka makubwa mengine ya miji yote miwili. Kusaga sukari ya kawaida kwenye blenda kunawezekana, lakini krimu yake itakwaruza ulimi hata uichuje mara ngapi, na fondanti itapasuka. Unapotafuta kornflawa, soma pakiti. Tunataka wanga mweupe laini, si unga wa ugali, na mtu uliyemtuma dukani anaweza kabisa kukuletea wa ugali.

Krimu ya kupigwa ya mimea, ile inayouzwa ikiwa imegandishwa, inataka ubaridi mfululizo. Bonyeza pakiti dukani. Ikiwa imevimba, au imelainika ndani ya friza, muuzaji amekatikiwa na stima na kuigandisha upya, na haitasimama hata ukiipiga saa nzima. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha, uipige ikiwa bado baridi.

Fondanti ya keki ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 4 ni gramu 700 hivi, na uongeze za magurudumu na madirisha. Ukiona ni ghali, itengeneze: yeyusha gramu 450 za marshimelo na vijiko viwili vya maji, kisha kanda na gramu 900 za sukari ya unga kidogo kidogo, mikono ikiwa na Kimbo. Ifunge ilale usiku mmoja. Marshimelo nyingi zina jelatini, na jelatini huweza kuwa ya nguruwe. Ikiwa kuna wageni Waislamu, tafuta pakiti yenye alama ya halali. Fondanti ya dukani nayo isome vivyo hivyo.

Rangi nunua ya jeli, si ya maji, kwa sababu ya maji huilegeza fondanti kabla haijakolea. Nyekundu na nyeusi ndizo humaliza chupa. Nyeusi ianzie kwenye kakao, ndipo uongeze rangi kidogo, na zote mbili zitengenezwe siku moja mapema kwa kuwa hukolea zikilala. Kwenye chupa tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au, kwa bidhaa ya nje, stika ya shirika hilo hilo ya bidhaa zilizoagizwa. Chini ya alama ya ubora pana namba ya kibali. Andika SM# ukifuatishia namba hiyo, utume kwa 20023, na utajibiwa ni ya nani. Maduka ya vifaa vya keki hupenda kupima rangi na unga wa kung'aa kwenye vikopo vidogo visivyo na lebo. Omba kuonyeshwa chombo kilikotoka. Asipokionyesha, usinunue, hata kama ni rafiki.

Nasisitiza hasa huo unga wa kung'aa, kwa kuwa ndio unaotafutwa sana na watoto na unaoeleweka kidogo na wazazi. Kuna unga uliotengenezwa uliwe na kuna wa mapambo tu, na kwenye rafu vimekaa pamoja, rangi moja, kikopo kimoja. Lebo ya unaoliwa huandika "edible" na kutaja viungo vyote. Lebo inayosema "non-toxic" peke yake haisemi kwamba ni chakula. Hata chaki na krayoni huandikwa hivyo. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita wa kati ya mwaka 1 na miaka 11 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa rangi ya dhahabu. Uchunguzi ulikuta kwamba unga huo ulikuwa shaba ya kusaga. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ilipochapisha habari hizo Oktoba 2021, ilieleza pia kuhusu mtoto wa Missouri aliyekutwa na risasi kwenye damu, na unga wa kupambia keki ukapatikana na risasi nyingi. Keki ya Rhode Island ilitoka kwa mwokaji wa biashara. Basi mwokaji wa nyumbani asidhani kuwa jicho lake linatosha. Usipokuwa na uhakika, paka unga huo kwenye kitu kitakachoondolewa, kama bango la jina, au uuache kabisa.

Picha ya mtoto juu ya keki ni hivyo hivyo. Huchapishwa kwenye karatasi ya wanga au sukari, kwa wino wa chakula, na mashine isiyowahi kutiwa wino mwingine. Printa ya saiba haifai, hata mwenyewe akikuhakikishia. Na maua mabichi: eneo letu lina mashamba ya maua ya kuuza nje, lakini waridi la shambani hupuliziwa dawa kwa ajili ya chombo cha maua, si kwa sahani. Funga vikonyo kwa foili na uyatoe kabla ya kukata. Oleanda na lantana za kwenye ua wa nyumba ni sumu. Zisiguse keki hata kwa mapambo.

Nairobi nenda kwa yale ambayo hapa hayapatikani: vibonyezo vya silikoni vya maumbo madogo, karatasi za picha, rangi adimu. Piga simu kwanza, uulize kama kipo na kama watakituma. Matatu za Thika namba 237 na za Ruiru namba 145 hupita siku nzima, na sako nyingi hubeba mizigo midogo kwa ada. Lipa kwa M-Pesa kwa namba ya duka, si ya mtu binafsi, na utake picha ya lebo kabla ya kulipa. Agiza wiki moja kabla, maana kibonyezo kikifika kimechanika bado utakuwa na siku za kubuni kingine.

Siku ya sherehe, keki ya fondanti usiitoe kwenye friji ukaiweka kwenye chumba chenye joto ikiwa wazi. Hutoka jasho na rangi zikachuruzika. Iache ndani ya boksi lililofungwa hadi ubaridi uishe. Ukiisafirisha, iweke kwenye sakafu ya gari, mahali palipo sawa, juu ya kipande cha mpira kisichoteleza, si mapajani mwa mtu. Kwenye barabara za huduma kando ya Thika Road kuna matuta, kwa hiyo bandika paa, bendera na magurudumu ya keki yako ukishafika. Beba krimu kidogo kwenye mfuko wa karatasi, nozeli ya tundu dogo na kisu bapa.