Dondoo muhimu: Chunguza waya kabla ya kugeuza dishi

Picha ikikatika, wengi humwita fundi aligeuze dishi, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye waya. Utasema mvua ndiyo huzuia mawimbi; ni kweli, lakini ikipita picha hurudi. Isiporudi hata jua likiwaka, shuku maji ndani ya konekta. Ndiyo maana waya wa RG6, wa ohm 75, upitishe mzima kutoka LNB (kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) hadi kwenye king'amuzi: kila kiungo hupunguza nguvu ya mawimbi na kukaribisha kutu. Kabla haujaingia ukutani, uache ulegee chini ya tundu ili maji yadondokee nje. Waya mzima ni ghali? Fundi wa kila masika ni ghali zaidi. Na kabla ya kuugusa waya wa dishi, chomoa king'amuzi kwenye umeme. Waya huo hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB.