Kufunga si kuchukia chakula

Kila mwaka, Jumatano ya Majivu inapokaribia, katekista huulizwa swali lile lile katika mafundisho. Mkatekumeni mmoja huinua mkono na kusema: «Mungu ndiye aliyetupa muhogo, samaki na ndizi, akatupa na ulimi wa kuonja utamu wake. Kwa nini basi Kanisa linatuamuru kujinyima vitu alivyotupa Mungu mwenyewe?» Na mara nyingi mwingine, aliyekaa nyuma, huongeza neno gumu zaidi: «Kwetu nyama huliwa siku ya Noeli na siku ya Pasaka tu. Tukiambiwa tusile nyama siku ya Ijumaa, twajinyima nini?»

Maswali haya ni mema yote mawili. Mkristu asiyeweza kuyajibu hajafahamu bado maana ya kufunga, hata ikiwa amekwisha kufunga Kwarezima ishirini.

La kwanza lilijibiwa zamani sana. Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mungu alivitazama viumbe vyake, akaona kuwa ni vyema. Bwana wetu Yezu Kristu alikaa arusini Kana, alikula nyumbani mwa watoza ushuru, hata adui zake wakapata sababu ya kumwita mlafi na mlevi. Mtume Paulo naye alimwonya Timoteo kwamba watatokea waalimu wa uwongo watakaokataza watu vyakula, ambavyo Mungu aliviumba ili wenye imani wavipokee kwa shukrani.

Waalimu hao walitokea kweli. Wamanikeo walisema kwamba mwili na vitu vya dunia hii vimechanganyika na giza na uovu. Mtakatifu Augustino aliwafuata kwa miaka kama 9 kabla ya kuongoka na kubatizwa mjini Milano mwaka 387. Na katikati ya karne ya 4 maaskofu walikutana Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, wakawahukumu wafuasi wa Eustathius. Watu hao waliwadharau walioolewa, waliwalaumu wenye kula nyama, tena walifunga siku ya Jumapili kusudi waonekane watakatifu kuliko wengine. Hilo ni jambo la kuangaliwa vizuri: Kanisa lile lile linaloamuru kufunga liliwahukumu watu kwa ajili ya kufunga kwao. Walifunga kwa kuchukia, na mfungo wa namna hiyo ni tusi kwa Muumba.

Basi kufunga kwa Mkristu kwatoka wapi? Kwatoka katika fadhila iitwayo kiasi. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, afundisha kwamba Mungu ameweka utamu katika kazi zile zinazouhifadhi uhai wa binadamu. Mtoto mchanga angenyonyaje, kama maziwa ya mama yasingekuwa matamu kwake? Kwa hiyo utamu si dhambi. Ni mtumishi aliyetumwa na Mungu. Tomasi asema hata zaidi: mtu anayeukataa utamu wote, akiuona kuwa kitu kibaya, ana kosa lake, ingawa watu wa namna hiyo ni wachache. Walio wengi huanguka upande wa pili. Moto ukikaa kati ya mafiga matatu hupika chakula cha jamaa nzima. Ukitoka nje ya mafiga huteketeza nyumba. Moto ni ule ule. Ndivyo ilivyo hamu ya chakula, na kiasi ndiyo mafiga yake.

Yafaa kusema kidogo juu ya ulafi, maana watu hudanganyika sana hapa. Wengi hudhani kwamba mlafi ni mtu mnene mwenye kujaza sahani. Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa aliyekufa mwaka 604, alionyesha njia tano za ulafi, na wingi wa chakula ni moja tu. Mtu aweza kukosa kwa kula kabla ya wakati. Kwa kutaka vyakula vya bei kubwa. Kwa kutaka vitengenezwe kwa namna ya kuchaguachagua. Kwa kula kupita kiasi. Na kwa kula kwa pupa. Mume anayekula kidogo tu, lakini anamgombeza mkewe mbele ya watoto kwa sababu sombe haina mawese ya kutosha, huyo ni mlafi, ingawa mbavu zake zinahesabika. Na yule anayekataa nyama ya mbuzi siku ya Ijumaa, kisha anamtuma mtoto sokoni kutafuta samaki mkubwa kuliko wote, na nyanya, na vitunguu, na chupa mbili za pombe za kuteremshia, ameishika sheria kwa meno na kuipoteza kwa tumbo.

Wako tena wanaume wanaofunga mchana, na jioni wanawadai wake zao chakula bora kuliko cha siku zote, kana kwamba nyumba ina deni kwao. Mwanamke huyo naye alifunga. Akateka maji, akatwanga, akapika, huku akinusa harufu ya chakula saa nzima. Mungu anayeona sirini ajua ni nani katika nyumba ile aliyefunga.

Augustino, alipokuwa askofu, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyopambana na jambo hili kila siku. Alitaka kupokea chakula kama mgonjwa apokeavyo dawa. Lakini katika njia ile fupi, mtu anapotoka katika njaa kwenda kwenye shibe, aliona mtego umefichwa. Mwili wahitaji kula. Utamu waufuata mwili kama mwenzi wa njiani. Halafu mwenzi apita mbele na kutaka kuongoza. Kilicho cha kutosha kwa afya hakitoshi kwa utamu, na mara nyingi binadamu hajui tena ni kipi kati ya viwili hivi kinachomwomba. Tena hafurahii kujua, asema Augustino, kwa sababu katika giza hilo apata udhuru.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mfungo: kuwasha taa katika giza hilo. Mfanyakazi amepokea mshahara wake, akapita mahali pa pombe. Chupa ya kwanza aliinywa kwa kiu. Ya pili aliinywa kwa ajili ya rafiki. Ya tatu hakuulizwa, wala hakujiuliza. Mkono wenyewe uliifuata. Mtu kama huyu akijinyima kwa siku 40, katika siku za kwanza ataona hasira, ataona usiku ni mrefu, ataona jinsi mwili ulivyozoea kuamuru. Ni vizuri aone. Kabla ya hapo alijidhania kuwa bwana wa nyumba. Na baada ya majuma machache huonekana jambo ambalo wasiofunga hawalijui: bugali na maharage ya kawaida huwa na ladha. Ulimi uliochoshwa na wingi huamka, na shukrani, ambayo ilikuwa imesahauliwa pamoja na sala ya kabla ya kula, hurudi bila kulazimishwa.

Mtakatifu Tomasi ataja sababu tatu za kufunga: kuzizuia tamaa za mwili, kuiinua roho iyatazame mambo ya mbinguni, na kulipia dhambi. Ataja tena kwamba haifai mtu apunguze chakula hata ashindwe kufanya kazi zinazompasa. Ndiyo maana sheria ya Kanisa ni ya upole kuliko watu wanavyodhani. Papa Paulo VI aliitengeneza upya tarehe 17 Februari 1966, na Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983 kiliithibitisha, kikibadili mambo machache. Siku za kufunga zinazoamriwa na sheria hiyo ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo Mkristu hula mara moja chakula cha kutosha, na aweza kula kidogo asubuhi na jioni. Kufunga kwawapasa waliotimiza miaka 18, mpaka waanze mwaka wao wa 60. Kuacha nyama siku za Ijumaa kwawapasa waliotimiza miaka 14, kwa namna iliyopangwa na maaskofu wa nchi. Wagonjwa, wenye mimba na wanaonyonyesha hawafungwi na amri hii.

Mfungo wa kabla ya Komunyo nao umefupishwa. Wazee wa zamani walikaa bila kula wala kunywa tangu usiku wa manane. Mwaka 1953 Papa Pio XII alisema kwamba maji hayavunji mfungo huo. Mwaka 1957 aliweka saa tatu. Na mwaka 1964 Paulo VI aliweka saa moja. Wako wanaosema kwamba Kanisa limelegea. Kwa kweli Kanisa limeondoa mzigo mgongoni ili kila mmoja achague mwenyewe kuinua kilicho kizito zaidi. Kama wengi hawakuchagua chochote, kosa si la sheria.

Sasa swali la pili, la yule aliyekaa nyuma. Hilo halijibiwi kwa haraka. Ni aibu kubwa kwa mwalimu wa dini kumwambia mtu mwenye njaa kwamba njaa yake ndiyo mfungo. Njaa humjia mtu bila hiari yake, na mara nyingi hutokana na dhambi za wengine: vita, wizi, mshahara usiolipwa, mashamba yaliyoporwa. Kufunga ni kuchagua. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka ule ule wa mwaka 1966, alitofautisha nchi na nchi. Penye mali nyingi, Wakristu wanapaswa kutoa ushuhuda mkubwa zaidi wa kujinyima. Penye umaskini, watafute kwa njia zote haki bora kati ya watu, na huku wamtolee Bwana mateso yao katika sala, wakiungana na msalaba wake. Mambo haya mawili huenda pamoja. Anayelishika moja na kuliacha la pili amekata waraka nusu.

Hata hivyo, maskini naye ni mtu mwenye tamaa zake, na kumwambia kwamba hana cha kujinyima ni kumdharau. Nyumba inayokula mara moja kwa siku haina lazima ya kupunguza sahani ya watoto. Lakini huenda baba ana chupa yake ya jioni, au tumbaku. Huenda mama na jirani wana mazungumzo matamu ya kuwasengenya wengine, ambayo yalevya kuliko pombe ya ndizi. Mwenye sambaza na sombe tu aweza kumkaribisha mtu mezani. Nabii Isaya alikwisha kusema kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kuwafungua walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula. Na katika kitabu kiitwacho Mchungaji, kilichoandikwa na Herma mjini Roma katika karne ya 2, Mkristu afundishwa namna ya kufanya: ahesabu bei ya chakula ambacho angekila siku ile ya kufunga, na fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji. Bila hesabu hiyo, akiba ya mfungo hurudi katika mfuko wa mfungaji, na Kwarezima yawa njia ya kuweka fedha.

Wakaaji wa jangwa la Misri walilifahamu jambo hili. Kasiano aliwatembelea mwishoni mwa karne ya 4, akashangaa kuona wazee wakivunja mfungo wao mara mgeni afikapo. Mzee mmoja alimweleza kwamba mfungo ungali pamoja naye siku zote, lakini mgeni ataondoka. Katika mgeni humpokea Kristu, basi ampe chakula kwanza, na kufunga atafunga kesho.

Mkatekumeni wa kwanza, kama angali na shaka, achukue kalenda na kuhesabu. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu zimo siku 46, lakini Kwarezima ya kufunga husemwa kuwa ya siku 40, maana Jumapili sita hazihesabiwi. Tertuliano wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba Wakristu waliona si halali kufunga siku ya Bwana, wala tangu Pasaka mpaka Pentekoste: furaha ya siku 50 baada ya mfungo wa kuingojea. Siku ya Pasaka ile nyama aliyoitaja mwenzake wa nyuma italetwa mezani, na hakuna amri inayomzuia kuifurahia. Mama wa nyumba atahesabu sahani, naye atajua kama ya mjane wa jirani imo.