Bumu, Raba na Kilomita 21

Septemba 2025, Alphonce Simbu alipompiku Mjerumani Amanal Petros kule Tokyo, saa ikisoma 2:09:48 kwa wote wawili na tofauti yao ikiwa sekunde 0.03 tu, nusu ya korido yetu ya hosteli iliamua kuwa wakimbiaji. Mimi nikiwa mstari wa mbele. Bumu lilipoingia nikawahi duka moja mjini asubuhi, nikatoa shilingi 280,000 kwa raba za njano zenye soli nene kama mkate wa boflo. Nikapakua ratiba ya wiki nane kwenye simu, nikajiandikisha nusu marathoni ya Moshi. Wiki ya tano nilikuwa nachechemea kwenda lekcha.

Najua kuna wengine wanaojiandaa kufanya kitu hicho hicho bumu lijalo. Haya ndiyo niliyopaswa kujua kabla ya kutoa hela.

Tuanze na ratiba, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza, na watu wengi huiacha iwe jambo la mwisho baada ya raba, saa na soksi. Ratiba yangu iliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 35 hadi 40 kwa wiki. Maneno hayo yalikuwepo, tena juu kabisa. Niliyaruka kama tunavyoruka maelekezo ya mtihani. Wiki ya kwanza ilidai kilomita 36, na Jumanne yake kukimbia mita 400 kwa kasi mara nane. Kabla ya hapo, kitu pekee nilichokuwa nakimbilia ni daladala.

Cha ajabu ni kwamba wiki mbili za kwanza nilijisikia vizuri sana. Hapo ndipo mtego ulipo. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, ndani ya wiki chache unaona kabisa pumzi imeongezeka. Mifupa na kano haviendi kwa kasi hiyo. Mfupa unaopigwapigwa kwanza huchimbwa na mwili wenyewe pale ulipochoka, ndipo hujengwa upya kwa nguvu zaidi. Kuchimba ni kazi ya wiki, kujenga ni kazi ya miezi. Ni kama mkandarasi aliyefumua barabara na bado hajaweka lami: ukipitisha malori siku hizo, unajua kitakachotokea. Kwa hiyo kipindi kile mtu anachojiona chuma, wiki ya tatu hadi ya sita hivi, ndicho kipindi ambacho mfupa wake uko dhaifu kuliko hata siku aliyoanza. Na ndicho anachoongeza kasi.

Sasa mwendo gani ni sahihi? Jibu tulifundishwa darasa la tatu, bila kujua kama ni somo. Mchakamchaka. Alfajiri ile, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wote wanaitikia huku wanakimbia, na hakuna anayekata pumzi. Hiyo ndiyo kasi ya mazoezi ya kila siku. Ukiwa barabarani ukashindwa kuitikia kiitikio kizima bila kuhema, punguza. Ukiona aibu kuimba peke yako, ongea na mwenzako; sentensi nzima ikikatika katikati, punguza.

Kwa wengi wetu mwendo huo ni dakika 7 au 8 kwa kilomita, na kwenye mlima unaweza kuwa wa kutembea kabisa. Sio aibu. Eliud Kipchoge alikimbia Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, ambayo ni kama dakika 2 na sekunde 50 kila kilomita, lakini wakimbiaji wa kule Iten na Kaptagat wanajulikana kwa kuanza mazoezi ya asubuhi taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani wanapasha tu misuli. Kwa wanariadha wa kiwango cha juu, takriban asilimia 80 ya mazoezi huwa ni ya mwendo mwepesi. Sisi wa mtaani ndio tunaotaka kila jogi iwe fainali, hasa akitupita mtu tunayemfahamu.

Kwa mtu anayeweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, hii ndiyo ratiba ninayoifuata sasa hivi, wiki 16 na sio 8. Jumanne na Alhamisi kilomita 4 kila siku, zikipanda polepole hadi 6. Jumapili ndiyo siku ya safari ndefu. Mwezi wa kwanza Jumapili zinakwenda 6, 7, 8, halafu zinarudi 6. Mwezi wa pili 9, 10, 11, halafu 8. Mwezi wa tatu 12, 13, 14, halafu 10. Mwezi wa mwisho 16, 17, kisha 12, kisha mbio zenyewe. Wiki ile ya nne ya kupunguza usiiruke hata ukijisikia simba, maana ndiyo wiki ya mkandarasi kuweka lami. Mbio za kasi sijaziweka kabisa. Lengo la mara ya kwanza ni kumaliza ukiwa mzima, na kama unalenga Moshi ujue barabara ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka, hivyo Jumapili mojamoja panda Observation Hill badala ya kuzunguka tambarare.

Na ukikosa siku kwa sababu ya tesiti, siku hiyo imepita. Usijaribu kuilipa Jumamosi kwa kukimbia mara mbili. Deni la mazoezi halina riba, achana nalo.

Kalenda ya bumu

Hili halipo kwenye ratiba yoyote ya simu kwa sababu walioziandika hawaishi Mabibo. Sisi tunajua kuna wiki za neema na wiki za ukame. Bumu likiingia tunakula kuku, likikaribia kuisha tunakula mara moja kwa siku na chai ya rangi usiku.

Kwa makadirio ya kawaida, mtu hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 10 ametumia kama 600. Huo ni mlo kamili, sahani ya wali maharage iliyojaa. Kama mwili haukupewa sahani hiyo, unaanza kubana matumizi, na moja ya miradi inayosimamishwa ni ujenzi wa mifupa. Nilipopiga hesabu baadaye, ugoko wangu uliuma kwenye wiki ileile niliyokuwa nakula mlo mmoja na kukimbia kilomita nyingi kuliko wakati wowote maishani. Daktari aliponiuliza swali la kwanza halikuwa kuhusu viatu. Aliuliza, “Unakula nini?”

Kwa akina dada, dalili moja ya mwili uliobanwa hivyo ni hedhi kupotea au kuruka miezi. Kuna wanaosema ndio kuwa fiti. Hapana, ni mwili unaomba chakula, na mifupa yako ndiyo inayolipa. Nenda hospitali, ongeza kula, punguza kilomita.

Kwa hiyo chukua kalenda ya chuo kabla hujachagua mbio. Weka alama kwenye UE, na kwenye wiki mbili za mwisho za bumu. Zile wiki za kupunguza ziangukie huko. Mihogo, viazi vitamu, maharage, dagaa na karanga ni chakula cha mkimbiaji kuliko poda yoyote inayouzwa kwenye makopo, na karibu vyote unavipata hata hela ikiwa imekata.

Raba za Karume

Haya, sasa viatu. Kuna mtu lazima atasema Abebe Bikila alishinda Roma mwaka 1960 akiwa peku. Ni kweli. Miaka minne baadaye alishinda tena, Tokyo, akiwa amevaa viatu. Wewe umevaa viatu tangu chekechea, usianze kuchezea lami ya Sam Nujoma kwa peku.

Raba zangu za njano zilikuwa na ubao wa kaboni ndani ya soli. Utafiti uliozipa sifa raba za aina hiyo ulipima wanariadha wakikimbia kilomita 14 hadi 18 kwa saa, na ukakuta wanaokoa nguvu kama asilimia 4. Mimi nakimbia kilomita 8 kwa saa. Nilinunua injini ya ndege nikaifunga kwenye baiskeli. Halafu sponji ya raba hizo ni laini na huisha mapema, na soli ndefu laini huyumba kwa mtu ambaye kifundo chake bado hakijakomaa.

Unachohitaji ni raba ya mazoezi ya kawaida, isiyobana. Ijaribu jioni na sio asubuhi kama nilivyofanya, kwa sababu miguu huvimba mchana kutwa, na huvimba tena ukikimbia kwenye joto la Dar. Vaa soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nilivaa namba 42 dukani ikakaa safi. Jioni mguu wangu ni 43. Kucha mbili nyeusi ndizo risiti yangu.

Kama bajeti ni ya mtumba, na kwa wengi wetu ni hivyo, Karume kuna raba nzuri sana ukijua kuchagua. Iweke raba juu ya meza, itazame kwa nyuma usawa wa macho. Ikilala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaikunja kwa mwendo wake, iache. Bonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba. Iwe inazama kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi kama uso wa mzee, imekufa. Toa soli ya ndani uitazame: alama ya mguu iliyozama sana inakuambia imetembea kiasi gani. Kisha ikunje. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia, sio katikati kama chapati. Mwisho vuta ukingo wa soli kwa nguvu ukitafuta gundi iliyokauka, maana raba inaweza kuwa mpya kabisa kwa macho lakini imekaa stoo miaka mingi, na siku ya tatu soli inabaki Changanyikeni wewe umefika Makongo. Fundi anaweza kuishona pembeni ikadumu kwa kutembelea. Sponji iliyokufa haifufui fundi yeyote.

Raba ya mazoezi hukadiriwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Ratiba yote niliyoandika hapo juu haifiki 400. Kwa hiyo hata mtumba uliobakiwa na nusu ya uhai wake unakutosha. Niliyonayo sasa nilinunua 45,000 baada ya kubishana na muuzaji mpaka tukawa marafiki.

Vingine ni vidogo. Fulana ya pamba hunywa jasho na kuchubua. Jezi ya Simba au Yanga, chagua dhambi yako, inafanya kazi ya fulana ya kukimbilia ya bei mbaya. Mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja. Akina dada, hapa ndipo pa kutoa hela kabla hata ya raba: sidiria ya michezo inayoshika vizuri. Saa haina haraka, simu inapima umbali. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijakasirika, lakini toka na mwenzako, vaa rangi ya kuonekana, kimbia upande wa kulia ukitazamana na magari, na usiziamini bodaboda zisizo na taa.

Sarafu kwenye ugoko

Ugoko ukiuma, jifunze kutofautisha. Maumivu yaliyotapakaa kwenye urefu wa mfupa kwa ndani, yanayopungua mwili ukipata joto, mara nyingi yanasikia kupumzika siku kadhaa na kurudi na kilomita chache. Maumivu yaliyokaa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa sarafu, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku, hayo yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia siku hiyohiyo, nenda hospitali. Na usimeze diklofenaki ili umalizie wiki. Dawa inanyamazisha kengele, moto uko palepale.

Mimi nilienda, nikapigwa eksirei, haikuonyesha kitu. Nikashangilia, siku nne baadaye nikakimbia kilomita 9. Sikujua kwamba ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za wiki za mwanzo. Picha ya pili, wiki tatu baadaye, ilikuwa na kistari chembamba ambacho hata mimi nisiyesoma udaktari nilikiona. Wiki sita za mkongojo, kwenye chuo kilichojengwa mlimani. Nilikuwa natoka hosteli dakika 50 kabla ya kipindi, na chumba cha mtihani mmoja wa UE kilikuwa ghorofa ya tatu. Moshi niliitazama kwenye simu ya mwenzangu, ada ya kujiandikisha ikiwa imekwenda na maji.

Sasa niko wiki ya tisa kati ya zile 16. Jumapili iliyopita tulikuwa watatu, kilomita 8, tukiongea njia nzima kuhusu mwalimu ambaye simtaji. Raba za njano ziko chini ya kitanda, zimekimbia wiki tano tu. Anayevaa namba 42 jioni, na anayekimbia kilomita 14 kwa saa, anitafute. Bei tutaelewana.