Upande mmoja wa kanga, foronya tatu

 

Somo la leo mtalifanyia sebuleni. Tafuteni sindano, uzi, mkasi, pini, pasi, futi ya kupimia (ile fundi anayoitundika shingoni) na upande mmoja wa kanga. Kanga najua ipo. Katika nyumba zetu nyingi huku ughaibuni imelala chini ya sanduku, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, ikingoja harusi ambayo haijatangazwa. Na huku sebuleni kuna kochi la mitumba lenye mito iliyochujuka rangi, na mtoto anayesita kuwaalika wenzake nyumbani. Tutazikutanisha hizo mbili. Tutashona foronya tatu za mito, bila zipu na bila vifungo, na asiye na cherehani atashona kwa mkono.

Lakini kabla ya mkasi kuna ruhusa. Kanga huuzwa doti, yaani mbili zilizoungana, na ukikata moja umevunja doti. Kama ilitoka kwa bibi, aulizwe bibi. Kazi hiyo ni ya mtoto, kwa simu, kwa Kiswahili:

“Shikamoo, bibi.”
“Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?”
“Sijambo, bibi. Naomba ruhusa yako. Ile kanga uliyompa mama, tunataka kukata upande mmoja tushone foronya. Upande wa pili tutauweka.”

Kisha nyamaza usikilize. Huenda akacheka akasema kateni, kwani inaliwa na nondo bure. Huenda pia akasema, “Hapana, hiyo ndiyo niliyokupokelea siku uliyozaliwa.” Basi hiyo haikatwi. Wala ya marehemu msiikate kwa haraka, hata kama mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Irudisheni sandukuni, mtafute nyingine. Nawaambia wazazi hasa: mito ya kochi haifai kuleta maneno katika ukoo.

Wako watakaosema kanga ni ya kujifunga, kuikata ni kuiharibu. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilizaliwa kwa sindano. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, vitambaa vya mkononi, zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Walikata vipande sita, wakavigawa tatu na tatu, wakaviunganisha kwa kushona wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapa nguo nzima ya ukubwa huo. Neno leso ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa hiyo mtu akikuuliza nani alikuruhusu kuchezea kanga kwa uzi na mkasi, mwambie wanaoivaa ndio walioanza.

Itandaze sasa sakafuni. Ule ukingo unaoizunguka pande zote ni pindo. Sehemu ya katikati ni mji. Na maneno yaliyochapwa chini, ndani ya mji, ni jina. Neno pindo linatokana na kupinda, ingawa pindo la kanga limechapwa tu, halikupindwa. La kupinda kwa sindano utalishona mwenyewe.

Kanga mpya ina wanga wa dukani, ndiyo maana imekakamaa. Ifue kwanza peke yake, kwa maji baridi, maana rangi nyekundu na nyeusi zinaweza kuchuja zikapaka shati la shule. Ianike, ipige pasi, ndipo uipime. Nguo ya pamba ikifuliwa hurudi, na ukishona kabla ya kufua, foronya itarudi baadaye ikakataa kuingia mto.

Kupima tuanze na mkono. Wazee wetu walipima nguo kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimenyooshwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari moja, na wari mbili ni pima moja, mikono yote ikiwa imetanuliwa. Dhiraa ya mtu mzima ni kama inchi 18, yaani karibu sentimita 45. Sasa pimeni mto wa kochi. Mito mingi ya madukani hapa Uingereza ni sentimita 45 kwa 45. Mto huo ni dhiraa moja kila upande! Darasani kwetu mtoto wa miaka minane alipima mto uleule akapata dhiraa moja na robo, akadhani amekosea. Hakukosea. Mkono wake bado unakua. Kwa hiyo mkono utumieni kukisia, na futi kukata.

Kanga nyingi zina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Tugawe urefu huo mara tatu. Kila foronya inahitaji upana wa 48, yaani 45 za mto na sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Mara tatu ni 144, na zinabaki 6. Kila ukanda una kimo cha 110. Toa 6 za kupinda ncha mbili, zinabaki 104. Toa 45 za mbele, zinabaki 59 za nyuma, na nyuma inahitaji 45 tu. Hizo 14 za ziada ni pale kitambaa kinapolaliana, mto usichungulie. Ndiyo maana hatuhitaji zipu.

Hesabu ni tamu, lakini ina mtego, na mimi nilinaswa. Jina linakaa katikati, upande wa chini. Kanga yangu ya kwanza iliandikwa HASIDI HANA SABABU. Niligawa mara tatu bila kusoma, nikashona usiku kucha, asubuhi nikapanga mito kwa furaha. Kipande cha jina kilikuwa kimekatika, na mto wa pembeni, palepale anapokaa mgeni, ulisema HASIDI basi. Mgeni wa kwanza alikuwa wifi yangu. Niliufumua wote.

Kwa hiyo soma jina kabla ya kukata, kisha lipime. Kanda mbili za pembeni zikateni kama tulivyohesabu, kila moja 48, ili katikati pabaki kipande kizima chenye jina. Kama jina halizidi sentimita 43, kipunguzeni kipande hicho mpaka upana wa 48, jina likae katikati. Kuanzia chini, pimeni kimo cha 48 mkate. Hiyo ndiyo mbele ya mto wenye jina. Kimo kilichobaki, 62, kikateni nusu kwa nusu, mpate vipande viwili vya 31 kwa ajili ya nyuma. Kanga ikishafuliwa ikawa na upana chini ya 108, vipande vya nyuma vitakuwa vifupi mno. Msivivute. Kateni nyuma kutoka shuka kuukuu. Mto ukikaa kwenye kochi, nyuma haionekani.

Na kama jina ni refu kuliko mto? Msilikate. Kipande cha katikati kikipindwa kingo zake kinakuwa kitambaa kizuri cha meza, na mito itakuwa miwili badala ya mitatu.

Sasa tushone. Chukua ukanda wa pembeni. Ncha zake fupi zikunje sentimita 1, zipige pasi, zikunje tena sentimita 2, zipige pasi, kisha zishone. Usiiruke pasi. Fundi mzuri utamtambua kwa pasi kabla ya cherehani. Tandaza ukanda, upande wa nje ukiangalia juu. Kanga hukaribia kufanana pande zote mbili. Kwenye kipande cha jina, herufi zitakuambia: zikisomeka kinyumenyume, huo ni wa ndani. Kunja ncha zote mbili kuelekea katikati mpaka zilaliane na kimo kiwe 45. Zishikize kwa pini. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu. Kisha shona kingo mbili zilizo wazi, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Toa bandi, igeuze, zisukume pembe kwa kidole. Foronya tayari.

Mto wenye jina ni hivyohivyo, ila una vipande vitatu. Kila kipande cha nyuma kipinde ukingo mmoja mrefu. Weka mbele ikiangalia juu, vipande vya nyuma viifunike vikiangalia chini, kingo zilizopindwa zilaliane katikati, kisha shona pande zote nne.

Anayeshona kwa mkono, uzi wake usizidi dhiraa moja na nusu. Mrefu zaidi hutatizika, na mtoto hukata tamaa. Kila mshono uende mbele, urudi nyuma nusu ya hatua, uende tena mbele. Huo hauachii kwa urahisi. Mkasi na pasi moto viwe mikononi mwa mkubwa. Pini zihesabiwe mwanzoni na zihesabiwe mwishoni, maana ile iliyopotea itapatikana kwa mguu wa baba.

Mtakosea, na hapo ndipo Kiswahili kinapopendeza. Unakunja, unakunjua. Unafunga, unafungua. Unafuma, unafumua. Uzi ukitatizika unautatua, na ndiyo maana tatizo nalo hutatuliwa. Kitendo kinachofuta kitendo cha kwanza kinaishia na -ua. Lakini shona inakuwa shonoa, na choma inakuwa chomoa, kwa sababu mzizi wenye o huvuta -oa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama pika ina pikua. Haina, na hasara yake tunaijua sote.

Sasa fedha, kwa wazazi. Kununua cherehani ili kushona foronya tatu si kubana matumizi. Anzeni kwa mkono, au azimeni kwa jirani. Miji mingine hapa ina maktaba zinazoazimisha vifaa, ulizeni. Wala msidhani kwamba kushona gauni kutoka mwanzo kutakuwa rahisi kuliko kulinunua. Kitambaa cha mita tatu, uzi na zipu mara nyingi hupita bei ya gauni la dukani. Penye nafuu ni kwenye kupinda, kubana, kubadili na kutia viraka: suruali ya shule inunuliwe kubwa na ipindwe kwa ndani, mwakani ifumuliwe ishuke, shuka lililochakaa katikati likatwe liwe foronya, maana pembeni bado ni zima.

Mapazia pia. Katika maduka ya hisani hupatikana mapazia mazito kwa bei ndogo kwa sababu urefu wake hauwafai wengi. Lichukueni lililo refu mlipinde. Kama kipasha joto kiko chini ya dirisha, pazia liishie kwenye kizingiti cha dirisha. Likikifunika, joto mnalolilipia linapanda nyuma ya pazia na kuishia kwenye kioo. Chumba kikiwa baridi sana, shoneni blanketi jembamba kuukuu nyuma ya pazia, kwa bandi tu, ili kiangazi mlitoe. Kwenye nyumba ya kupanga ambako msumari hauruhusiwi, hilo ni badiliko msilohitaji kumwomba mwenye nyumba.

Kazi ya nyumbani, ya kuleta Jumamosi ijayo:

Kwanza, nenda na mzazi dukani, andika bei ya foronya tatu. Kisha andika mlichotumia nyumbani: uzi, sindano, na kanga kama mliinunua. Toa. Kama ya nyumbani imezidi, andika hivyohivyo.

Pili, pima dhiraa yako na ya kila mtu nyumbani kwa sentimita. Ya nani iko karibu zaidi na 45?

Tatu, andika jina la kanga yenu, kisha umuulize mama, shangazi au bibi linamaanisha nini na mtu angelivaa akimlenga nani. Wakubwa wakicheka wakakataa kueleza, andika kwamba walicheka.

Nne, leta foronya, hata kama imekwenda upande. Mwalimu ataleta ile ya wifi.